Dirisha la Pili

Saa kumi na moja na nusu, maji bado meusi,
kivuko cha Kamanga kimeshaachama, kinameza malori.
Mimi nafungua kitundu changu kwenye kioo,
kitundu cha kupitisha mkono na sauti,
na mpaka saa nane mchana
Mwanza nzima itainama hapo kunichungulia.

Tangazo lilisema wanataka mtu mchangamfu.
Mjomba Lugwisha akaapa, huyu ni mchangamfu sana,
akanibana kiwiko nitabasamu.
Sikuwa nimelala siku nne.

Si nauli inayonishinda. Nauli ni hesabu,
na hesabu haikutazami usoni.
Ni mwangaluka. Ni habari za nyumbani,
za watoto (sina), za kazi (ndiyo hii),
mbona ulikonda, mbona sasa umenenepa.
Vidonge vinanenepesha, mama, nenda, kivuko kinaondoka.
Hilo silisemi. Nasema nzuri.
Nasema nzuri mara mia nne kwa siku
na kila moja naichimba kwa jembe butu
kama mtu anayechimba choo juu ya majabali ya Igogo.

Kuna siku sauti haitoki kabisa.
Mkono unabaki na chenji hewani,
foleni inafika kwa wauza karanga,
mtu anagonga kioo kwa funguo: we dada, umelala?
Mwingine anamjibu kwa upole, kama anayetoa sadaka:
muache, huyo ana mambo yake.
Mambo yangu.
Laiti yangekuwa mzigo,
ningeyapima, ningeyalipia,
yakavuka yakaenda zake.

Nyumbani wameshakata shauri mara tatu.
Kwanza ni uvivu. Kisha ni bibi wa upande wa baba
ambaye hajatambikiwa. Kisha nikapelekwa kukemewa
mpaka mchungaji akapwelewa sauti, nikamhurumia.
Bugando, nesi wa zamu aliniuliza neno moja tu,
unalala?
nikalia hadi faili likalowa.
Sasa kila Jumatano ya mwisho nawaambia nakwenda benki.

Nyanjige wa dirisha la kwanza anajua.
Sikumwambia; aliona nikimeza kwa chai.
Hakuuliza. Siku ya pili yake alisema,
kwaya, wenye misiba, wanafunzi, waelekeze kwangu,
mimi maneno nayapenda. Wewe zamu ikiisha nifungie hesabu,
maana kila siku napungukiwa mia tano
na sijui anayeila.
Basi ndivyo tunavyoishi: yeye anapokea watu,
mimi napokea sarafu,
na bosi akipita anasifu ushirikiano.

Na yupo mama mmoja wa mananasi, Jumanne na Ijumaa,
anarudi ng'ambo na vikapu vitupu.
Hasikii, hasemi.
Anainua kidole kimoja, ananionyesha vikapu,
anatikisa kichwa: havina kitu, usinitoze.
Nampa tiketi. Anagonga kioo mara mbili, kwa ukucha.
Nami nagonga mara mbili.
Hizo ndizo habari zangu za nyumbani,
na ni nzuri,
na hapo sidanganyi.

Sijapona. Kazi hii ni kiatu cha marehemu:
kinabana, ila nikikivua
kuna kodi ya chumba, kuna dawa,
kuna mama kwenye simu akisema shukuru, mwanangu,
wenzako wanaanika dagaa juani.
Ningeanika dagaa, mama. Dagaa hawaamkui.

Nimeandika barua, naomba chumba cha hesabu kule nyuma,
penye mapipa ya mafuta na feni mbovu.
Iko mfukoni mwa sweta, wiki ya tatu hii,
imekunjika, imeshika harufu ya chai.
Nyanjige anasema nimpe aipeleke yeye.
Nimemwambia kesho.

Kesho, saa kumi na moja na nusu.
Kitundu. Mkono.
Anayefuata.